Nyaruai wa Dirisha la Faili

Mchungaji, wazee wa Naitiri, wakwe zetu, jamaa waliotoka Moi's Bridge na Kitale, wafanyakazi wa afya mliokuja na sare zenu, na nyinyi majirani mliolala hapa na sisi wiki nzima, poleni na asanteni kwa kufika. Naitwa Hiram Ngige, ndugu ya marehemu, yeye ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu na mimi nikamfuata, na nimesimama hapa si kwa sababu ya sauti yangu, ingawa wengi wenu mnaifahamu kutoka mazishi mengi, bali kwa sababu yeye mwenyewe aliandika kwa mkono wake kwamba historia yake isomwe na mimi na si mtu mwingine. Kamati ya mazishi ilishangaa, maana ameolewa huku na ingefaa asomewe na upande wa mume, nami nilishangaa kuliko kamati. Sababu nitaieleza nikifika mahali pake, kwa kuwa dada yangu hakupenda mtu anayeruka ukurasa.

Marehemu Lois Nyaruai Wahome alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 huko Othaya, Nyeri, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Wahome Ngige na marehemu Mama Wangechi, na mwaka 1966 wazazi wetu walihamia upande huu kutafuta shamba, wakapata kipande karibu na mto Nzoia, mahali palipoitwa Hoey's Bridge siku hizo na ambapo leo tunapaita Moi's Bridge. Mimi nilikuja nimebebwa mgongoni, yeye alikuja ameshika sufuria ya mama, na mama alikuwa akisema kwamba tangu Othaya hadi hapa hakuiweka chini.

Alijiunga na shule ya msingi mwaka 1969 na akaimaliza mwaka 1975, kisha akasoma sekondari kutoka mwaka 1976 hadi 1979, na katika miaka hiyo ndipo nilipomjua ni mtu wa namna gani. Mwaka 1974 ng'ombe wa baba waliingia katika mahindi ya jirani wakala mistari minne, na aliyekuwa akiwachunga ni mimi, nilikuwa nimelala chini ya mti, na Nyaruai aliniona. Baba alimwuliza mara tatu, mara ya tatu akiwa ameshika kiboko, naye hakufungua mdomo, akachapwa yeye kwa ukaidi nami nikala chakula cha jioni vizuri kabisa. Nilipomwuliza kwa nini hakunitaja aliniambia, "Hiyo si yangu ya kusema. Enda umwambie mwenyewe." Sikuenda kumwambia, na baba alifariki mwaka 1997 bila kujua, kwa hivyo leo ndiyo mara ya kwanza nakiri.

Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha mafunzo ya utabibu, akasomea utunzaji wa rekodi za wagonjwa, akahitimu mwaka 1983, na tarehe 6 Februari 1984 akaajiriwa kama karani wa rekodi katika hospitali moja mjini Kitale ambayo hakutaka itajwe, na sitaitaja. Kwa wale wasiofahamu kazi hiyo, karani wa rekodi ndiye yule aketiye dirishani, unampa kadi, anaenda kwenye rafu, anarudi na faili yako, na ndani ya faili hiyo kuna kila kitu ambacho daktari amewahi kuandika juu ya mwili wako. Daktari anakujua siku unayougua, lakini karani anaijua hospitali nzima, siku zote, na kama ana mdomo mwepesi basi mji mzima una shida.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Mwalimu Jotham Wakoli wa hapa Naitiri, ambaye alimpata dirishani, maana mwalimu alikuja na malaria, akapona, halafu akaendelea kuja. Baba alisitasita, kwa kuwa Naitiri kwake ilikuwa mbali na Wabukusu hakuwazoea, lakini Mwalimu alikuja na wazee wake mara mbili, wakala, wakacheka, na mara ya tatu baba ndiye aliyeuliza mbona wamechelewa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Dancan aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1988, na Ciru aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1991, na wajukuu watano ambao mnawaona pale mbele wakiwa wamevaa soksi nyeupe, kwa sababu nyanya yao aliagiza soksi nyeupe.

Sasa narudi kwenye kazi, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa nafika mahali pagumu.

Sisi watu wa huku tunapenda tarehe katika historia ya marehemu. Hatutosheki kuambiwa fulani aliugua kwa muda, tunataka siku aliyolazwa, siku aliyohamishwa, siku aliyorudi nyumbani, na msomaji akikosa tarehe utawasikia wazee wakiguna. Mwezi wa Juni mwaka 1999 jirani yetu mmoja wa Moi's Bridge alifariki, akaacha mjane na watoto watatu, nami nikiwa karani wa kanisa nikaombwa kuandika historia yake na kuisoma. Tarehe za kulazwa sikuwa nazo. Nikapanda gari kwenda Kitale kwa dada yangu, nikamwambia tarehe ziko kwenye faili, nisaidie, mazishi ni kesho, naye kwa huruma ya jirani na kwa kumwamini ndugu yake akaitoa faili, akakaa chini, akaninakilia nusu ukurasa kwa mkono wake, tarehe pamoja na yale daktari aliyoandika kando ya kila tarehe, akaniambia, "Chukua tarehe, hayo mengine nimeandika ndio usizichanganye, si ya kusoma."

Nilisoma yote. Sikuwa na ubaya na mtu, wala sikuwa nimelewa, niliyasoma kwa sababu yaliandikwa na kwa sababu nilikuwa na sauti nzuri na watu walikuwa wametulia, na nikafika kwenye jina la ugonjwa, ambao miaka ile ukitajwa watu walikuwa wakihama benchi, nikalitamka polepole ili na wale wa nyuma wasikie. Nilipomaliza, mzee mmoja alinishika mkono akasema nimesoma kama mtangazaji wa redio, na nikafurahi.

Kabla jua halijatua, akina mama waliokuja kupika walikuwa wameshatenga vikombe vya mjane na watoto wake. Mjane alikuwa akiuza maziwa, na kufikia Jumatatu hakuna aliyenunua, ng'ombe wakawa wanakamuliwa na maziwa yanamwagwa. Watoto walihamishwa madawati. Shemeji zake wakasema ameleta balaa, na kufikia Desemba mwaka huohuo alikuwa amefungasha vitu vyake na kuondoka katika shamba alilolilima kwa miaka kumi na minne, akaenda kuishi Malakisi kwa dada yake. Mimi niliendelea kuwa karani wa kanisa, nikaendelea kusoma katika mazishi, na hakuna aliyenilaumu.

Najua mnajiuliza mbona nasimama hapa na kusema tena mambo ya mwanamke huyo. Alhamisi iliyopita nilienda Malakisi kumwomba ruhusa, miaka ishirini na sita baadaye, na sikuwahi kwenda huko hata siku moja kabla ya hapo. Nilimkuta akianua nguo, nikamweleza, akasema, "Ati ruhusa? Si hii ndio ungeniuliza ile siku." Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikalia mimi mzee wa miaka sitini, naye akaendelea kuanua nguo hadi zikaisha, kisha akaniletea chai na kuniambia, "Soma. Lakini jina yangu uwache. Na useme ni wewe ulisoma, sio yeye." Kwa hivyo nasema mbele yenu, ni mimi niliyesoma. Mama huyo yuko nasi hapa leo, ni mzima, na hamtaambiwa ameketi wapi.

Dada yangu hakungoja kuulizwa. Jumatatu baada ya mazishi yale aliingia ofisini kwa msimamizi wa hospitali akajishtaki mwenyewe, na msimamizi akashangaa, maana siku hizo hakuna aliyeona ni kosa, faili ilikuwa inaweza kubebwa na mtu yeyote mwenye haraka, lakini Nyaruai alisisitiza apewe barua ya onyo, akapewa, akaitia sahihi, na barua hiyo aliiweka ndani ya droo ya meza yake kila mahali alipofanya kazi, juu kabisa, ili kila asubuhi akivuta droo kutafuta kalamu aione. Tumeikuta huko. Tumeiweka pamoja na Biblia yake.

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine dirishani. Zamani karani alikuwa akiita jina la mgonjwa na chumba kwa sauti, na kwa kuwa watu wote walijua chumba kipi ni cha nini, ukiitwa tu umeshatangazwa, kwa hivyo Nyaruai akaanza kutoa vipande vya karatasi vyenye namba, na vyumba akavipa majina ya ndege, ukawa unaambiwa namba arobaini na mbili enda Korongo, na mji ukakaa miezi bila kujua Korongo kuna daktari gani. Faili za magonjwa fulani zilikuwa na jalada la rangi yake, akazibadilisha zote zikawa na jalada moja la kaki. Kitabu cha kuandikisha wagonjwa kilichokuwa kikilala wazi juu ya meza, kila mtu akisoma jina lililo juu ya lake, akakigeuza kikawa upande wake. Wauguzi walimlalamikia kwamba anachelewesha foleni, na ni kweli alikuwa anaichelewesha, na wagonjwa wengine walimwita jeuri, na hapo pia sitawakatalia sana, kwa maana ukienda dirishani kumwulizia mama mkwe wako atakujibu kwa upole ule unaokasirisha kuliko matusi.

Tarehe 5 Januari 2009 alihamia kliniki ya Daktari Kimaiyo mjini Bungoma, na sisi nyumbani tulidhani amechoka na hospitali kubwa, anataka mahali padogo. Huko alimkuta daktari mwema, mwenye mikono ya baraka, lakini mwenye tabia ya kusimulia wagonjwa wake akiwa hotelini anakunywa chai. Daktari ameniruhusu niseme, na anacheka pale. Wiki ya pili Nyaruai alimfuata hotelini, akasimama kando ya meza na daftari, na daktari alipomwuliza anafanya nini akasema, "Naandika majina ya wanaokusikiliza, Daktari. Si hawa wote sasa ni wafanyakazi wetu? Lazima watie sahihi ya kutunza siri." Daktari aliacha chai yake nusu, na tangu siku hiyo hotelini anazungumza habari za mpira.

Mkuu mmoja wa shule alipiga simu akitaka kujua mwalimu wake wa kike anaumwa nini hata amekosa kazini siku nne, akaambiwa mwalimu ana barua ya daktari ya kupumzika, na barua hiyo ndiyo yote anayostahili kujua. Mwenye kinu cha mahindi alitaka vipimo vya vijana wake wa kubeba magunia, akaambiwa kila kijana aje achukue chake. Mchungaji mmoja, si huyu wetu, aliomba orodha ya wagonjwa ili awaombee kwa majina, akajibiwa kwamba Mungu anazo namba zao. Na sheria ya kulinda data ilipokuja mwaka 2019, na zahanati zote zikaanza kukimbizana na semina, kununua kabati zenye kufuli, kuweka nywila kwenye kompyuta na kuwakataza wauguzi kupiga picha za eksirei na kutumiana kwa simu, kliniki ya Bungoma haikubadilisha jambo ila kuongeza fomu, kwa kuwa mengine yote yalikuwa yamefanywa na mwanamke mmoja aliyekuwa na barua ya onyo kwenye droo.

Sababu ya kuhamia Bungoma niliijua Alhamisi. Yule mama wa Malakisi aliniambia kwamba mwezi wa Januari mwaka 2000 dada yangu alimfuata hadi kwake, akapiga magoti, akaomba msamaha, na kwa miaka tisa baadaye akawa anakuja, kwa kuwa yule mama alikuwa ameapa kutokanyaga tena hospitali yoyote, hata akiumwa anajifungia ndani. Aliniruhusu nisome maneno yake jinsi alivyoyasema: "Nilimwambia nitaenda hospitali siku wewe mwenyewe utakaa kwa dirisha karibu na mimi. Nilisema hivyo ndio aniwache. Kumbe akaenda akatafuta kazi Bungoma." Ni mzima hadi leo kwa sababu hiyo. Na ndani ya miaka hiyo yote dada yangu alikula kwangu, akalala kwangu, akawabeba watoto wangu, na hakuniambia hata mara moja kwamba anabeba kosa langu.

Nafika kwenye ugonjwa, na najua hapa ndipo masikio yamesimama.

Marehemu alipoanza kuugua hatukuambiwa anaugua nini. Mwalimu Jotham alijua, na Ciru alijua kwa sababu madaktari walisema binti anapaswa kujua, na sisi wengine tukaachiwa tarehe za kwenda kumwona. Mwezi wa Aprili mwaka huu nilipanda gari hadi Eldoret alikolazwa, nikaenda moja kwa moja hadi dirisha la rekodi, nikamkuta kijana anaitwa Kipkirui, mpole, ambaye aliwahi kufundishwa kazi na Nyaruai huko Bungoma, nikamwambia mimi ni ndugu wa damu, nataka kuona faili. Akaangalia kompyuta yake, akaniambia, "Mzee Hiram, mimi nakujua kabisa. Lakini jina yako haiko kwa fomu ya wenye wanaruhusiwa." Nilipiga meza. Nilisema maneno ambayo karani wa kanisa hasemi. Kijana akanijibu, "Pole mzee. Ni madam mwenyewe alinifundisha. Alisema ata akuje ndugu yangu, angalia fomu kwanza."

Nilirudi nyumbani na hasira, na kwa wiki saba sikwenda kumwona, jambo ambalo nitalijutia hadi siku yangu. Alinipigia simu yeye, akasema, "Hiram, kuja unione mimi, si faili." Nikaenda, tukakaa kwenye jua nje ya wodi, tukazungumza habari za ng'ombe wa baba na yale mahindi, akacheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Tangu hapo nilikwenda kila wiki, na sikumwuliza tena.

Baada ya kifo chake, jamaa zetu wa Moi's Bridge walikaa kikao, na ndugu yetu Ndung'u, ambaye nia yake ni njema, akasema tusipotaja ugonjwa watu watasema tunaficha, na wengine wamekwisha kutaja magonjwa matatu tofauti kwenye simu zao, heri tuseme ukweli tuwanyamazishe. Nilikuwa karibu kukubaliana naye. Ndipo Mwalimu Jotham akanipa bahasha iliyokuwa na jina langu, na ndani yake mlikuwa na karatasi moja, mwandiko uleule wa nusu ukurasa wa mwaka 1999, isipokuwa mkono ulikuwa umelegea. Ilisema hivi: "Hiram, wewe ndiye utanisomea, kwa sababu una sauti na kwa sababu nakuamini. Safari hii soma tarehe peke yake."

Kwa hivyo nasoma. Marehemu alianza kuugua tarehe 9 Februari 2024. Alilazwa Kitale tarehe 17 Juni 2024, akatoka tarehe 2 Julai 2024. Alilazwa Eldoret tarehe 3 Machi 2025, akaruhusiwa tarehe 12 Juni 2025, akalazwa tena tarehe 10 Agosti 2025, na akafariki tarehe 21 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu na siku saba, mume wake akiwa amemshika mkono wa kulia na Ciru wa kushoto. Kando ya tarehe hizi kwenye karatasi yangu hakuna kilichoandikwa, na mnaoketi mbele mnaweza kuona ni nyeupe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale na Eldoret waliomhudumia wakamtunzia na heshima yake, Daktari Kimaiyo na wote wa kliniki ya Bungoma waliofunga mlango leo ili wawe hapa, kijana Kipkirui ambaye nilimkosea na ambaye nimemwomba msamaha asubuhi hii pale getini, majirani wa Naitiri mliochota maji na kupasua kuni, walimu wenzake Mwalimu Jotham, jamaa wote wa Moi's Bridge, na yule mama wa Malakisi, ambaye ananisikia.

Dada Nyaruai, nimesoma tarehe peke yake. Pumzika kwa amani.